Boti ya Hatta na Posa ya Mdogo Wangu

Yule mwanamke sikumpenda tangu siku aliponipigia simu mara ya kwanza, na mpaka leo, pamoja na yote yaliyotokea, simpendi. Alikuwa shangazi wa kijana aliyetaka kumwoa mdogo wangu. Watu wa Unguja, lakini Unguja ya zamani. Kijana mwenyewe kazaliwa hapa hapa Dubai, na shangazi amekaa Al Baraha tangu yale maghorofa yake yangali yananuka rangi. Kiswahili chake kimenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Kila akifungua mdomo, mimi wa Mombasa niliyejiona najua Kiswahili nilijihisi naongea nimejaza chakula mdomoni.

Baba yetu alikwisha kufariki, na wajomba na baba wadogo wako nyumbani Kenya, kwa hiyo hapa Dubai upande wa mke ulikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, nakaa kwenye kaunta ya duka la mabaibui kule Deira. Mdogo wangu ana ishirini na sita, ni mpokea wagonjwa katika kliniki ya meno. Tulikuwa tukiishi chumba kimoja Discovery Gardens, vitanda viwili, kabati moja, jiko tukigawana na wapangaji wa sebuleni ambao kila siku walikula sukari yetu na kila siku wakakana. Yule kijana alimwona mdogo wangu kliniki, akarudi kung'olewa jino ambalo nina hakika halikuwa na ubaya wowote, kisha akamtuma shangazi yake.

Shangazi alisema kabla posa haijapelekwa rasmi, yafaa tuonane. Si nyumbani kwake, maana nyumbani kwake kuna masikio mengi. Mpwa wake akashauri twende Hatta, tupande boti ya matembezi kule bwawani, kati ya milima. Siku yangu moja ya mapumziko katika wiki, siku ninayofua, nalala, napaka nywele mafuta, nikapangiwa kwenda kutazama mawe. Nilikubali kwa sababu ya mdogo wangu.

Hapa lazima niseme jambo nililokuwa nimelifanya. Katika simu ile ya kwanza, shangazi aliniuliza sisi ni watu wa wapi. Nikamwambia baba ni mtu wa Kibokoni, Mji wa Kale, na hilo ni kweli. Akauliza, na mama? Nikamwambia mama naye ni wa huko huko. Hilo ni uongo. Mama yetu ni Mgiriama wa Kaloleni, alisilimu alipoolewa na baba, na mama yake, Hawe wetu, yaani bibi, alikuwa akiuza tembo la mnazi nyumbani kwake mpaka nguvu zilipomwishia. Mimi mwenyewe nililelewa na huyo Hawe mpaka nikafika darasa la nne. Kigiriama ndicho nilichokisema kabla ya Kiswahili, na ndicho mama alichotuongelesha siku zote tulipokuwa peke yetu.

Sikudanganya kwa kupenda. Nilipokuwa na miaka ishirini na sita niliposwa na watu waliojiita waungwana. Walipotaka kuujua ukoo wa mama, baba, ambaye hakujua kuficha kitu, akawapeleka Kaloleni. Walimkuta Hawe amekaa barazani na vibuyu vyake. Walikunywa maji waliyopewa, wakashukuru, wakapanda gari, na tangu siku ile sikuwasikia tena. Hata barua ya kukataa hawakuleta. Sasa mdogo wangu ana miaka ile ile, amempenda kijana wa watu ambao ni waungwana mara mbili, na mimi niliapa kwamba kibuyu cha mtu hakitamharibia.

Mdogo wangu hakutaka. Tuligombana usiku kucha kwa kunong'ona, kwa sababu ya wale walaji sukari.

"Dada, akinioa si atamwona mama?" alisema.

"Akishakuoa, ameshakuoa. Wewe kesho funga mdomo. Ukiulizwa, niangalie mimi."

Asubuhi kijana alikuja kutuchukua kwa gari lake. Shangazi alikaa mbele, kajifunika baibui la kazi nzuri. Mimi nayauza, najua bei yake, na nilimchukia kidogo zaidi. "Shikamoo, shangazi," tulimwamkia. "Marahaba, wanangu," akajibu, halafu akageuka nyuma akanitazama mimi, si mdogo wangu. Njia yote mpaka milimani alinitazama katika kile kioo cha kujipodolea. Kijana aliendesha huku masikio yake yakiwa mekundu.

Hatta watu wa Dubai wanaipenda sana. Mimi sikuona cha kupenda. Kuna bonde la mto uliokauka, wameuziba kwa ukuta, maji yakajaa kati ya majabali, basi. Milima yenyewe haina jani. Rangi yake ni ya mkate ulioungua, na jua linaipiga mpaka macho yanauma. Tulisimama foleni kwenye gati inayoelea, inayumba chini ya miguu, tukavalishwa majaketi ya kuelea yenye jasho la watu waliotutangulia. Shangazi alikataa lake mara mbili. Mara ya tatu mwenye boti akamwambia, kwa Kiarabu, kwamba bila jaketi hapandi. Nilifurahi kumwona amevaa kile kitu cha rangi ya chungwa juu ya baibui lake.

Mwenye boti, ambaye ndiye pia wa kutuelezea safari, alikuwa kijana mweusi wa miaka thelathini hivi, mwembamba, fulana ya kampuni imefifia mabegani kwa jua. Alikuwa na kipaza sauti kidogo shingoni na tabasamu ambalo lilikuwa sehemu ya kazi. Tulipanda sisi wanne na mzee mmoja wa Kizungu na mkewe, wenye kofia pana. "Yalla, yalla, kaeni, kaeni," alisema, Kiarabu kikichanganyika na Kiingereza, na boti ikaondoka.

Maji yalianza mapana, kisha milima ikasogea. Tukaingia katika korongo jembamba, jabali huku na jabali huku, limepanda wima mpaka mbingu imebaki ufito. Maji yakageuka kijani kizito. Mwenye boti akapunguza injini akaanza kutuonyesha. Jiwe hili linafanana na ngamia. Lile pale ni simba amelala. Lile ni uso wa mzee. Mzee wa Kizungu alipiga picha ngamia, simba na mzee, na kama angeambiwa kuna trela la trekta angelipiga pia. Mimi niliona mawe.

Shangazi hakuyatazama. Alinisogelea akaniambia, taratibu, ili mngurumo wa injini ufunike:

"Hebu niambie tena, mwanangu. Mama yenu mtu wa wapi hasa?"

"Mji wa Kale, shangazi. Kibokoni."

"Na mama yake mama? Bibi yenu?"

"Alifariki zamani sana. Sisi hatukumjua."

Nilisema hivyo huku namtazama machoni. Mwanamke aliyenifundisha kutembea, aliyenibeba mgongoni kwenda zahanati nilipoumwa surua, nilimfuta kwa maneno matano. Mdogo wangu aliyekaa mkabala nami aliinamisha kichwa akawa anachezea mkanda wa jaketi lake.

"Hamkumjua," shangazi alirudia.

"Hatukumjua."

Basi tulipofika kwenye kona ya korongo, boti nyingine ikatoka mbio upande wa pili, moja ya zile ndogo za watu wanaojiendesha wenyewe, imejaa vijana wanaopiga kelele. Mwenye boti wetu alikata usukani ghafla. Wimbi likatupiga ubavuni, boti ikalala upande, na maji ya baridi yakammwagikia mdogo wangu kuanzia kichwani.

"Mayo wee!" alipiga kelele.

Mayo ni mama. Ndivyo tunavyomwita mama yetu, na ndivyo tunavyolia tukishtuka, tukijikata kisu, tukiota ndoto mbaya. Neno lile likaenda likagonga jabali likarudi.

Mwenye boti alizima injini. Kwanza aliwatukana wale vijana kwa Kiarabu cha gatini, kisha akageuka kwetu, na lile tabasamu la kazi halikuwepo tena usoni mwake. Lililokuwepo lilikuwa la kwake mwenyewe. Akamsalimia mdogo wangu kwa Kigiriama. Salamu ndefu, ile ya kuulizana mmeamkaje na watu wa nyumbani wameamkaje, salamu ambayo mtu aliyelelewa vizuri hawezi kuiacha ikining'inia. Mdogo wangu alinitazama mimi, kama nilivyomwagiza.

Kwa hiyo nikajibu mimi, kwa Kiswahili. "Hatujui lugha hiyo."

Alicheka. Alifikiri ni mzaha. Kwetu watu hutaniana hivyo. Akanisogelea, akanisalimia mimi tena upya, kwa heshima zaidi kwa kuwa ni mkubwa, na akaongeza kuwa yeye ni wa upande wa Ganze, ana miaka minne hajakutana na mtu wa nyumbani bwawani hapa. Nilielewa kila silabi.

"Kaka, umetufananisha," nilimwambia. "Endesha boti. Tumekuja kutazama milima, hatukuja kwa hadithi zako."

Uso wake ulijifunga. Alirudi kwenye usukani, akaiweka sawa kofia yake.

"Samahani, madam," alisema.

Ninaitwa madam na wateja wasiojua kitu kingine cha kuniita, na hainiumizi. Ile iliniuma. Lakini nitasema ukweli wote: iliniuma na bado nilitamani aondoke pale, azame, asiwepo. Hakunitendea ubaya wowote ila kuzaliwa karibu na kwetu.

Injini ilikuwa haijawaka. Mdogo wangu alikuwa bado anatiririka maji, mtandio umemganda kichwani. Alipangusa uso kwa viganja viwili, akainua kichwa, na bila kuniangalia akaijibu ile salamu. Aliijibu yote, mpaka mwisho wake, kwa sauti ya kusikika. Halafu akamwambia yule mwenye boti kwamba mama yetu ni wa Kaloleni, akataja kijiji, akamtaja Hawe kwa jina lake. Mwenye boti alipiga kofi paja lake. Nyumba ile anaijua, alisema, mamake mdogo ameolewa kijiji cha pili yake, na nani asiyemjua bibi yule, mkono wake mkarimu na mdomo wake mkali! Wakaongea wote wawili kwa pamoja. Mdogo wangu alicheka jinsi ninavyomsikia akicheka nyumbani tu.

Nilimfinya paja. Akautoa mkono wangu, akauweka kwenye magoti yangu, taratibu, wala hakukatiza maneno yake.

Mchumba wake alikuwa akimtazama na mdomo wake uko wazi kidogo. Sikuweza kusoma kitu usoni mwake. Mzee wa Kizungu aliuliza kama tumeona mnyama mwingine katika mawe, na hakuna aliyemjibu.

Shangazi ndiye aliyesema. Aliniinamia, na mara hii hakujali nani anasikia.

"Na wewe? Hukijui?"

Sasa, mwenye akili timamu hapo angesema, nakijua, shangazi, nisamehe, niliogopa. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu, ameushikilia yeye mwenyewe. Nimeshaifikiria dakika ile mara nyingi, na kila mara jibu langu ni lile lile, kwa sababu nilikuwa nimejaa hasira mpaka kooni: hasira na yeye anayeuliza maswali, hasira na mdogo wangu aliyenivua nguo mbele za watu, hasira na wale wageni wa miaka kumi na miwili iliyopita waliokunywa maji ya Hawe wakaondoka.

"Mimi nililelewa upande wa baba," nilisema. "Hayo ya mama anayajua yeye. Mimi sikijui."

"Haya," alisema shangazi.

Tuligeuza tukarudi. Mwenye boti hakutuonyesha tena ngamia wala simba. Gatini alitupa mkono mmoja mmoja kutushusha. Mdogo wangu alimpa namba ya simu ya mama, mbele yetu sote, na akamwambia ampigie ampe salamu. Mwenye boti alinipa mimi mkono kama wengine. Niliushika kwa sababu gati ilikuwa inayumba.

Shangazi alikuwa na chupa ya kahawa na visheti katika gari. Alitutandikia mkeka kivulini karibu na maegesho, akawaambia mpwa wake na mdogo wangu waende wakanawe. Wakaenda. Tukabaki sisi wawili, na akanimiminia kahawa kwanza, kikombe kimejaa, akangoja ninywe.

"Kabla sijakupigia simu wewe, mwanangu, tulishaulizia," alisema. "Mwanamke hapelekewi posa bila kuuliziwa. Nina jamaa Mombasa. Kaloleni walikwenda, mama yako walimwona, bibi yenu waliambiwa habari zake zote, na hayo ya vibuyu pia. Tuliyajua kabla ya kuja."

Mjinga gani wa Pwani asiyejua kwamba watu huuliziwa? Mimi nimewahi kuuliziwa, na mwenyewe nimekwenda kuulizia watu, nimekaa kwenye sebule za majirani wao nikinywa chai na kuchota habari. Na nilisahau. Nilivyoshughulika kuficha, nilisahau kwamba wenye kutafuta hawaanzi kwa mwenye kitu.

"Sasa kwa nini uliniuliza?" nilimwambia hatimaye, na sauti yangu haikuwa na adabu.

"Nilitaka kuwajua nyie ni watu gani. Nikakuuliza kwenye simu. Nikakuuliza kule kwenye boti. Nikakuuliza tena yule mtoto alipokwisha kusema, mie nikidhani sasa utapumzika." Alikiweka kikombe chake chini. "Mtoto tunamtaka. Tunamtaka sana, na mpwa wangu nadhani leo ndio kamtaka zaidi. Lakini mazungumzo nitayafanya na mama yako mwenyewe. Wewe sikutaki katikati. Mtu anayeweza kumkana mama yake kwa sababu yangu, siku moja atanikana mie kwa sababu ya mwingine."

Ningependa kuandika kwamba niliona aibu. Sikuona, si pale. Niliona mwanamke amekula visheti vyake, amefuta vidole, amejipa haki ya kunihukumu kwa kosa ambalo watu kama yeye ndio walionifundisha. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwamba waungwana wenzake walimwacha msichana kwa sababu ya kibuyu, na mtu huyo ni mimi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Hao walikukosea," alisema. "Mie sikukukosea."

Ni kweli, na ndiyo maana simpendi.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Shangazi alimpigia mama jioni ile ile. Walizungumza saa nzima, na ya kwenye boti yote akamwambia; mama akalia kidogo, mdogo wangu aliniambia. Posa ikaenda Kaloleni na Kibokoni. Baba mdogo alikubali kuozesha. Mimi nilishona baibui la mdogo wangu la harusi kwa kitambaa nilicholipia mwenyewe dukani, nikalipamba mwenyewe kwa mkono, wiki tatu, na hakuna aliyesema niache. Nikasema moyoni, yamekwisha, khalas.

Mama alikuja Dubai siku sita kabla ya nikaha, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Aliteremkia Al Baraha kwa shangazi, lakini uwanja wa ndege nilikwenda kumpokea mimi. Alitoka na kisanduku kidogo na leso mbili, kakonda kuliko nilivyomwacha. Nilimkimbilia. Nilimsalimia kwa Kigiriama, ile salamu ndefu, kwa sauti, mbele ya madereva wote na vibao vyao vya majina. Nilitaka dunia nzima inisikie.

Alinisikiliza mpaka nikafika mwisho. Kisha akanishika shavu, kwa upole, mkono wake una joto.

"Sijambo, mwanangu," alisema kwa Kiswahili. "Habari za kazi?"

Mdogo wangu sasa ana nyumba yake, na nikienda kwake Ijumaa namsikia anaongea na mama kwenye simu, wanacheka, wanasengenya watu wa kijijini, na Kigiriama chao kinajaza chumba. Halafu ananipa simu, na mama ananiuliza kwa Kiswahili safi kabisa kama nimekula.